Chema Hakijiuzi

Iko methali ambayo sisi watu wa pwani tumeizoea hata hatuihoji tena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuza nguo huitumia dukani, mzazi huitumia anapomwonya kijana wake, na katika mambo hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu waanza pale methali hii inapoingizwa katika sanaa na kufanywa hukumu. Diwani ikikosa wanunuzi, mtunzi huambiwa kuwa lau ingekuwa njema ingejiuza. Kikundi cha muziki kikivunjika kabla ya kupata jina, husemwa mabarazani kuwa lau wangekuwa na kitu wangesikika. Hivyo aliyeshindwa hufanywa shahidi dhidi ya nafsi yake, na kesi hufungwa kabla haijasikilizwa. Nasema kuwa hukumu hiyo ni batili. Na zaidi ya kuwa batili, ina watu inaowafaa, nao si watunzi wala si wasikilizaji.

Sitaibishia methali kwa methali nyingine, maana mchezo huo hauna mwisho. Nitaibishia kwa kisa. Nimekichagua cha mbali kwa makusudi, kwa kuwa visiwani mwetu kila kikundi kina ndugu, marafiki na mahasimu wa kila mmoja wetu, na mjadala huliacha jambo ukaandama watu. Kisa hiki hakina jamaa wa yeyote kati yetu. Tena kina faida nyingine: kazi yenyewe ipo, imo katika santuri, na kila mwenye masikio aweza kuisikiliza akaamua kama ilikuwa njema au la. Ni kisa cha vijana wanne wa mji wa Memphis, katika jimbo la Tennessee huko Marekani, waliojiita Big Star, yaani Nyota Kubwa.

Kikundi hicho kiliundwa mwaka 1971. Chris Bell na Alex Chilton walipiga magitaa, wakatunga na kuimba. Andy Hummel alishika gitaa la besi. Jody Stephens alipiga ngoma. Wote walikuwa na umri wa miaka 20 au pungufu kidogo. Makao yao yalikuwa studio ya Ardent, mali ya John Fry, fundi wa sauti aliyewafundisha kazi yake na kuwaachia vyombo usiku, saa ambazo studio haikuwa na wateja. Jina la kikundi walilichukua kwenye bango la duka la vyakula lililokuwa karibu na studio hiyo. Mkusanyo wao wa kwanza wakauita #1 Record, santuri nambari moja. Nyota kubwa na santuri nambari moja, ilhali hata nakala moja haijauzwa: yalikuwa maneno ya mzaha na ya matumaini kwa pamoja, kama ya nahodha anayekipa jina la fahari chombo ambacho bado kiko juu ya magogo.

Vijana waliotamani kuwa kama Beatles walikuwa wengi zama hizo. Hawa walitengwa na wengine kwa ufundi. Nyimbo zao aghalabu ni fupi. Magitaa yanalia wazi kama kengele. Sauti mbili au tatu zinaingiliana kwa mpango. Na chini ya utamu huo mna huzuni ya ujana isiyojipamba. Usikilize wimbo uitwao "Thirteen", wa mapenzi ya watoto wa miaka 13, ulioimbwa kwa sauti ya chini na magitaa yasiyo ya umeme. Mpenzi wa ushairi atakitambua kitu anachokijua: fani iliyobana, isiyo na neno la ziada, iliyobeba zaidi ya inavyoonekana.

#1 Record ilitoka mwaka 1972. Wahakiki waliisifu, na majarida ya biashara ya muziki yaliisifu nayo. Kwa mujibu wa methali yetu, kilichobakia ni kujiuza tu. Haikujiuza. Nakala zilizonunuliwa wakati huo hazikufika 10,000, katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 200. Kwa nini? Si kwa sababu watu waliisikia wakaikataa. Ni kwa sababu aliyesoma sifa zake gazetini, akachukua pesa zake akaenda dukani, hakuikuta.

Hapa yafaa tuyaache mashairi kidogo tukaitazame bohari. Ardent ilikuwa na uwezo wa kurekodi, lakini haikuwa na njia yake ya kufikisha santuri madukani. Kazi hiyo iliachiwa Stax, kampuni ya hapo hapo Memphis iliyojijengea heshima kubwa kwa muziki wa Wamarekani weusi, muziki wa kina Otis Redding na Isaac Hayes. Stax ililijua barabara soko hilo. Vijana wanne wa Kizungu wenye magitaa hawakuwa wa soko hilo, na mawakala wake hawakujua wawapeleke wapi. Mwaka huohuo wa 1972 Stax ikafunga mkataba na kampuni kubwa ya Columbia ili ndiyo isambaze santuri zake. Ilidhaniwa kuwa mlango umefunguka. Kumbe Columbia haikutaka shughuli na mawakala wadogo waliokuwa wakiitumikia Stax. Ikawaweka kando, na hata nakala chache zilizokwisha kufika madukani zikaondolewa. Nauliza: katika haya yote, wimbo ulikosa nini? Kina kipi kilichopinda, mizani ipi iliyopungua?

Mwishoni mwa mwaka 1972 Chris Bell alijitoa, na kikundi kikavunjika kwa mara ya kwanza. Wapo wanaopenda kuzieleza habari hizi kwa tabia za watu: Bell alikuwa mwenye huzuni, Chilton alikuwa mkaidi, kila mmoja alitaka lake. Ugomvi ulikuwepo, sikatai. Lakini ni nani asiyegombana? Hata nyumba yenye chakula ina ugomvi, ila wenyewe hugombana kisha wakala. Bell alikuwa ameisuka kazi ile studio usiku kwa usiku, akaamini kuwa ndiyo njia ya maisha yake, kisha akaiona inakufa bila ya kusikika. Uchungu wa namna hiyo hutafuta wa kumlaumu, na aghalabu humpata aliye karibu. Ndiyo maana vikundi hugombana ndani kwa makosa yaliyofanywa nje. Nasi tuliokaa pembeni huutazama ugomvi tukasema: wamejivunja wenyewe, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hiyo nayo ni methali, na kazi yake hapa ni ileile ya kuificha kweli.

Mwezi wa Mei 1973 Ardent iliandaa mkutano wa waandishi wa habari za muziki huko Memphis. Wakahudhuria zaidi ya 100, na watatu waliobakia, Chilton, Hummel na Stephens, wakapanda jukwaani kuwapigia. Wahakiki, watu ambao kazi yao ni kukaa na kupima, waliinuka wakacheza. Furaha ile iliwatia watatu hao moyo wa kuendelea, na mwaka 1974 ikatoka santuri ya pili, Radio City, ndani yake ukiwamo wimbo wa "September Gurls", ambao wengi huuhesabu kuwa bora kuliko nyimbo zao zote. Sifa zikamiminika tena. Na tena bohari ikafungwa. Stax na Columbia walikuwa wamekwisha kuhitilafiana, na santuri ikanaswa katikati ya ugomvi wa matajiri wawili. Ziliuzwa nakala kama 20,000 tu. Hummel naye alichagua kumaliza masomo yake chuoni, na baadaye akawa mhandisi. Nani wa kumlaumu?

Wawili waliobaki, Chilton na Stephens, walirekodi mkusanyo wa tatu mwaka huohuo wa 1974, wakiongozwa na mtayarishaji Jim Dickinson. Huo si muziki wa matumaini tena. Nyimbo zinaelekea kukatika, ala zinakuja na kutoweka, na mwimbaji ni kama mtu anayeimba katika ukumbi ambao wageni wamekwisha kuondoka. Kampuni ziliusikiliza zikaukataa. Stax yenyewe ilifilisika, ikafungwa mwezi wa Desemba 1975. Mkusanyo haukutolewa hadi mwaka 1978, wakati ambapo hapakuwa na kikundi tena. Walikuwa wamepungua mmoja mmoja: wanne, watatu, wawili.

Mtetezi wa methali atanijibu kuwa huenda muziki wao haukuwa wa zama zile, kwamba umma ulitaka kitu kingine. Hoja hiyo ina majibu mawili, yote yamo katika kisa chenyewe. La kwanza ni Alex Chilton. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 16, aliimba "The Letter" pamoja na kikundi cha Box Tops cha hapo hapo Memphis, na wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki nne. Koo lilelile, mji uleule. Utunzi ulikuwa wa mtu mwingine na uimbaji ulikuwa wa namna nyingine, nakubali. Lakini haiwezekani kusema kuwa umma wa Marekani haukuwa tayari kumsikiliza kijana huyu. Mwaka 1967 aliyeutaka wimbo aliukuta dukani. Hiyo ndiyo tofauti ambayo methali haiioni.

Jibu la pili ni "September Gurls" yenyewe. Mwaka 1986 wanawake wanne wa kikundi cha Bangles waliuimba katika mkusanyo wao wa Different Light, ulionunuliwa kwa mamilioni. Wanunuzi wengi walivutwa na nyimbo nyingine za mkusanyo huo, ni kweli, lakini wimbo huu nao uliingia majumbani mwao na hapana aliyeutupa nje. Wimbo ni uleule. Baada ya miaka 12 haukuongezewa wema, uliongezewa njia.

Hapo mtetezi atakimbilia ngome yake ya mwisho: wakati ndio hakimu, na mwishowe haki imepatikana. Ni kweli kuwa sifa zilikuja. Mwaka 1978 EMI ilizitoa upya santuri mbili za kwanza huko Uingereza. Katika miaka ya 1980 wanamuziki wa R.E.M. walilitangaza jina la Big Star, na mwaka 1987 kikundi cha Replacements kikatoa wimbo ulioitwa "Alex Chilton". Mwaka 1993 wanafunzi wa redio ya Chuo Kikuu cha Missouri waliwarudisha jukwaani Chilton na Stephens, wakisaidiwa na wanamuziki wawili wa kikundi cha Posies. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone lilipotoa orodha ya mikusanyo 500 iliyo bora kupita yote, mikusanyo yote mitatu ya Big Star ilikuwamo. Ni hukumu nzuri. Lakini tumwulize hakimu huyu: walalamikaji wako wapi?

Chris Bell alifariki tarehe 27 Desemba 1978 kwa ajali ya gari, akiwa na miaka 27. Alikuwa akifanya kazi katika biashara ya mikahawa ya baba yake. Katika uhai wake ilitoka santuri moja tu ndogo kwa jina lake mwenyewe. Mkusanyo wa nyimbo zake ulitoka mwaka 1992, zaidi ya miaka 13 baada ya maziko yake. Alex Chilton, yule aliyekuwa nambari moja akiwa na miaka 16, aliosha vyombo mikahawani huko New Orleans mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 17 Machi 2010, siku chache kabla ya onyesho la Big Star lililokuwa limepangwa kufanyika Austin. Iliripotiwa baada ya kifo chake kwamba alikuwa akipata taabu ya kupumua na hakwenda kwa daktari, sababu mojawapo ikiwa ni kutokuwa na bima ya afya. Hummel alimfuata mwezi wa Julai mwaka huohuo, na kati ya wanne wa mwanzo akabaki Stephens peke yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sifa iliyochelewa miaka 30 hailipi daktari.

Wapo wengine, na hawa wananikera kuliko wenye methali, wasemao kuwa afadhali ilivyokuwa. Husema kuwa umaarufu ungewaharibu, kwamba kutojulikana ndiko kulikohifadhi usafi wa kazi yao, na kwamba ladha ya wimbo huzidi ukijulikana na wachache. Hawa humpenda msanii kama tajiri apendavyo kito chake: kadiri wanavyokosa wengine ndivyo thamani inavyopanda. Kushindwa kwa mwenzao wamekifanya pambo lao. Wasikilize mkusanyo wa tatu, kisha waniambie kama ile ni sauti ya mtu aliyechagua kutosikika.

Msomaji atauliza kwa nini mambo ya Memphis yaletwe katika kurasa za ushairi wa Kiswahili. Yameletwa kwa sababu methali ni yetu, na majeruhi wake wako kwetu. Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840. Leo jina lake halihitaji mdhamini, nasi hudhani kuwa tungo zake zimetufikia kwa utamu wake pekee. Utamu uliwafanya watu wazihifadhi moyoni. Lakini moyo hufa na mwenyewe. Zimetufikia kwa sababu katika karne hiyohiyo ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka vinywani mwa watu akaziandika, akishirikiana na mmishenari wa Kiingereza, W. E. Taylor, kwa sababu karatasi zile zilitunzwa, na kwa sababu William Hichens alizitoa kitabuni mwaka 1940 kwa matbaa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg. Ni miaka 100 kutoka kaburini hadi kitabuni, kwa mikono ya watu watatu ambao si yeye. Ondoa mkono mmoja tu, na leo Muyaka angekuwa jina lisilo na beti. Je, ni wangapi waliotunga naye, waliojibizana naye, ambao hawakumpata Sikujua wao? Hatuwajui, na kwa kuwa hatuwajui, methali hutunong'oneza kuwa hawakuwa na kitu.

Au tumtazame Siti binti Saad. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo zao kwa kampuni ya HMV. Sauti yake ilikuwa njema kabla ya safari ile, na Unguja ilikuwa ikijua. Pwani nzima ilijua baada ya sahani za santuri kurudi na kuuzwa. Hapana anayeweza kudai kuwa koo lake lilipata wema mpya Bombay. Lilipata merikebu, mashine na mawakala.

Kwa hiyo nasema nini? Sisemi kuwa kila kisichouzwa ni chema. Vibaya visivyouzwa ni vingi, na baadhi yao vyastahili hatima hiyo. Nasema kuwa soko si shahidi wa wema wala wa ubaya mpaka kwanza tujue kama bidhaa ilifika sokoni. Mwenye kuitumia methali hii bila ya kuuliza swali hilo anamtetea mtu mmoja tu, naye ni mwenye bohari. Yeye ndiye inayemfaa. Akishindwa kuubeba mzigo, husema mzigo ulikuwa mbovu. Nasi tukamwitikia, tena kwa maneno ya wahenga.

Basi tukisikia kuwa kikundi kimevunjika, cha taarabu, cha dansi au cha vijana wenye magitaa, tusianze kuuliza nani aligombana na nani. Tuulize nani aliyezishika nyimbo zao, nani aliyelipwa, na nani alikuwa na ufunguo wa mlango wakati wanunuzi walipokuwa wamesimama nje. Tukisikia kuwa mtunzi fulani ana diwani mbili ndani ya sanduku, tusimwambie asubiri wakati umhukumu. Wakati hauna mikono. Sisi tunayo: ya kuandika kilichomo vinywani mwa wazee kabla hawajaondoka, ya kulipia kiingilio badala ya kusikilizia dirishani, ya kununua kitabu badala ya kukiazima kwa wa kumi. Bila ya mikono hiyo, wahakiki 100 wataweza kusimama na kucheza, na wimbo ukafa vivyo hivyo.

Atakayeniambia tena kuwa chema chajiuza, nitamwomba anitajie kwanza chema kimoja kilichofika sokoni bila ya mchukuzi.